Tulimwambia Mama Anaona

Mama alinifundisha rangi nyekundu kabla sijajua kusoma. Tulikuwa tunakaa chini uani kwa kiwanda cha kahawa, upande huu wa Karatina, gunia limetandikwa na matunda yamemwagwa juu yake, na kazi yangu ilikuwa kuchambua. Nyekundu iliyoiva inabaki. Kijani inatoka, ya manjano inatoka, nyeusi iliyokaukia mtini inatoka na kwenda kuuzwa kama mbuni, kahawa kavu isiyomenywa, kwa bei ya kudharauliwa. Kila mkulima wa huku anaijua kazi hiyo, maana karani wa kiwanda hapokei kahawa iliyochanganyika. Anainama juu ya rundo lako, anachota kiganja kimoja, na akiona kijani anakurudisha uanze upya mbele ya watu wote. Mama hakuwahi kurudishwa. Mikono yake iliruka juu ya rundo huku yeye akipiga domo na wanawake wa kanisani, nami nilimtazama na kujiuliza anaionaje kijani moja katikati ya nyekundu zote zile bila hata kutafuta.

Swali hilo ndilo lililokula maisha yangu, na sijivunii. Wengine huingia sayansi kwa sababu ya mwalimu mzuri. Mimi niliingia kwa sababu ya kahawa, na nikakaa humo muda mrefu kuliko wenzangu walivyokaa katika ndoa. Nilisoma Nyeri mjini, nikasoma Nairobi, kisha nikasoma Ulaya katika mji wenye mvua ya kuudhi, ambako nilijifunza kwamba jicho lenyewe halioni. Linapokea mwanga tu. Kuona kunafanyika kisogoni, ndani ya ubongo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kubahatisha. Ubongo unaletewa vipande, vinavyokosekana unajijazia wenyewe, wala haukuambii ni vipi vilivyoletwa na ni vipi ulivyojitungia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maarifa hayo na sanduku moja la vitabu, nikapewa kazi ya kufundisha chuoni. Watu wa kijijini walifurahi sana. Walianza kuniletea macho yao: yenye mtoto wa jicho, yenye usaha, yaliyochomwa na moshi wa kuni. Nilipowaambia kwamba sitibu macho, kwamba mimi nachunguza jinsi ubongo unavyoona, walinitazama kwa huruma kama mtu aliyepeleka pesa za shule mahali pabaya. Mama pekee ndiye ambaye hakuona haya. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba msichana wake anasoma kichwa cha mtu kutoka ndani, wakanyamaza.

Kila mwaka nilianza somo langu kwa mchezo uleule. Nilichora msalaba na nukta kwenye karatasi, nikawaambia wanafunzi wafunge jicho la kushoto, wautazame msalaba kwa lile la kulia, kisha wasogeze karatasi polepole mpaka nukta ipotee. Ilipotea kwa wote. Niliwauliza mahali pake wanaona nini, shimo au giza, nao walisema wanaona karatasi nyeupe tu. Hapo nilikuwa na raha ya kichokozi kuwaambia kwamba karatasi hiyo hawaioni, wameitunga, na kwamba kila mmoja wao alizaliwa na sehemu isiyoona katika kila jicho na hajawahi kuihisi hata siku moja. Baada ya hapo niliwasimulia habari za wagonjwa wachache ambao kiharusi kimewaua kisogo pande zote mbili. Hao ni vipofu kabisa, na wanakana. Wanagonga mlango na kulalamika kwamba mtu amesogeza mlango. Ukiwauliza wanaona nini wanakueleza kwa utulivu vitu ambavyo havipo. Hawadanganyi, ubongo wao unawajazia kama karatasi ile. Nilisimulia vizuri, nikiigiza na mikono, na darasa lilicheka kila mwaka.

Maabara yangu ilikufa polepole kama ng'ombe mzee. Nilikuwa na mashine moja ya kufuatilia mwendo wa mboni, niliyoipata kwa kuomba na kuomba tena, na kwayo niliwapima wachambuaji wa kahawa, nikijaribu kujua jicho la mtu kama Mama linatua wapi kwanza. Kisha programu yake ikaisha muda na hakukuwa na wa kuilipia. Mwanafunzi wangu wa mwisho wa uzamili akaenda kuuza bima. Muhula mmoja nilifungua mlango nikakuta viti vya plastiki vimepangwa mpaka darini, vya mahafali, na mashine yangu imefunikwa kwa kitambaa cha meza. Mkuu wa idara, mtu mpole kupita kiasi, aliniuliza kama ningependa kuwafundisha wa mwaka wa kwanza stadi za mawasiliano. Nilimwambia nitafikiria. Nilienda chooni nikaosha uso, nikarudi nikamwambia sawa.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda tena Ulaya kwa miezi michache, katika maabara ya yule mzee aliyenifundisha, nilienda kama mtu anayekimbia mvua. Nilijua ni mara ya mwisho. Nilitaka kumaliza ule utafiti wa kahawa kabla sijastaafu, nipate hata makala moja ya kuonyesha kwamba sikuota.

Mama aliugua nikiwa huko. Kichwa kilimuuma siku nzima, akatapika, akalala. Alipoamka watu wa nyumbani wakampeleka kliniki, wakaambiwa ni presha. Wakaeleza pia kwamba anajigonga kwenye vitu, na mhudumu akammulika machoni kwa tochi, akaona mboni zinasinyaa vizuri, akasema macho hayana shida. Sina ugomvi naye. Macho ya Mama yalikuwa mazima kabisa na bado ni mazima mpaka leo.

Aliyenipigia ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa lori la majani chai kule Kangema na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliyekuwa akiishi na Mama ni huyu mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kakamega. Kwa ajili yake nyumba yetu ilihamia Kiswahili miaka mingi iliyopita, na Mama, ambaye alikijua kile cha sokoni tu, alikikuza kwa kubishana naye jikoni. Wifi alisema Mama amepata nafuu. Akamwelekezea simu, nikamwona Mama kwenye kioo, amefunga kitambaa chake cha kichwa, ananitazama.

"Maitu, nakuona," akasema. "Umekonda."

Huniita hivyo, maitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ni binti wa pili, dada yangu alifariki mdogo, na kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama. Nilicheka. Mama gani duniani hajawahi kumwambia mtoto wake amekonda? Nikamuuliza kahawa inaendeleaje, akasema imezaa, ameiona asubuhi, matawi yameinama. Nilirudi kwenye kazi yangu nikiwa na moyo mwepesi.

Nilirudi nyumbani wakati matunda yameanza kuiva. Nilipiga hodi tangu langoni, Mama akatoka akiwa amenyoosha mikono, akanikumbatia, akaniambia tena nimekonda. Nilikuwa nimenenepa mpaka sketi hazifungi. Jioni hiyo nilianza kuhisi kuna kitu katika nyumba hii ambacho hakikuwepo, na ilinichukua muda kujua ni nini. Watu walikuwa wanajitangaza. Wifi akiingia jikoni alisema ni yeye, anaweka maji kwa jiko. Akimpa Mama kikombe alisema hiki hapa, upande wa kulia, kiko moto. Jirani yetu, rafiki wa Mama tangu ujana wao na mwenzake katika kikundi cha akina mama kanisani, alipofika alianza kujitaja akiwa bado njiani, akasema ni yeye, na leo amevaa ile kofia nyeupe ya kikundi. Mama akajibu kutoka kwenye kiti chake kwamba anaiona, na imepigwa pasi vizuri.

Asubuhi nilisimama kwenye mlango wa sebule bila kusema neno. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, uso umeelekea kwangu, macho yamefunguka wazi, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Aliimba ubeti mzima. Nilipopiga hatua, ubao wa sakafu ukalia, akanyamaza na kutabasamu.

"Maitu, mbona umesimama hapo kama karani?"

"Mami, sweta yangu ni ya rangi gani?"

"Si hiyo ya bluu. Inakupendeza."

Ilikuwa ya manjano. Nikamuuliza nimeinua vidole vingapi, akasema vitatu, haraka, kwa sauti ya mtu anayejibu mtoto msumbufu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mfukoni. Nilienda nyuma ya zizi nikalia mpaka ng'ombe akaacha kula akanitazama. Nililia kwa hofu kwanza, halafu kwa hasira, maana nilikuwa naujua ugonjwa huu kwa jina lake, kwa historia yake, kwa picha zake, na nilikuwa nimeuchekesha darasani.

Nilimfokea wifi. Nilimwuliza amewezaje kukaa wiki zote hizo na mtu kipofu bila kusema. Alikuwa anakamua, hakuinua kichwa. Akanieleza kwamba siku za kwanza alijaribu. Mama alimwambia anaona vizuri, akakasirika, akakataa kula. Jirani naye akamwita pembeni akamshauri asimbishie mzee, ajitaje anapoingia na anapotoka, mambo yatakuwa sawa. Hivyo ndivyo walivyofanya wote, kikundi kizima, kwa heshima tupu. Walimjazia Mama kila pengo kwa maneno yao, na walifanya kazi hiyo vizuri kuliko ubongo wenyewe.

"Mimi ni mke hapa," akasema. "Naanzia wapi kuambia mama hakuna kitu anaona?"

Nilimpeleka Mama Nyeri mjini kupigwa picha ya ubongo. Daktari kijana aliiweka kwenye mwanga akaanza kunieleza taratibu, nikamwambia asijisumbue. Nilikuwa nimeangalia picha kama hizo maisha yangu yote ya kazi, za watu waliopewa nambari badala ya majina. Mabaka mawili kisogoni, moja kila upande, yamelingana kama vikombe kwenye kabati. Nilimuuliza kama kuna lolote la kufanywa, na niliuliza kwa upole kama mwanamke yeyote wa kijijini, ingawa nilijua jibu. Akasema tumechelewa, tuendelee na dawa za presha. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido, akimsifia mhudumu nywele zake.

Huwezi kuamini jinsi maarifa yanavyoweza kuwa kitu cha bure. Nilikuwa na uwezo wa kuandika kurasa nyingi kuhusu kila seli iliyokufa katika kichwa cha mama yangu, na sikuweza kumfanya aone kijiko. Chuoni nilifundisha wiki hiyo namna ya kuandika barua ya maombi ya kazi. Nilipita mbele ya ile maabara ya viti, sikufungua.

Shida ya kweli ilianza baada ya hapo. Mtu asiyejua kwamba haoni lazima atafute sababu ya mambo kwenda kombo, na sababu iliyokuwa karibu na Mama ni wifi. Akigonga stuli, ni wifi aliyeisogeza. Akikosa kitambaa chake, ni wifi aliyekificha. Akasema wifi anazima taa mchana ili kumtesa. Akaanza kuwaambia wanawake kanisani kwamba msichana wa watu amebadilika, anataka nyumba. Wanawake wale, ambao walikuwa wanajua ukweli, walisema pole, pole sana, kwa kuwa hakuna anayembishia mzee. Wifi aliyavumilia yote hayo huku akimwogesha, akimkata kucha na kumpeleka choo.

Kisha ikafika siku ya kahawa. Mama alikuwa ameendelea kwenda kiwandani msimu mzima, hakuna aliyethubutu kumzuia. Alikaa mahali pake pa siku zote, mikono ikaruka juu ya rundo kama zamani, akitoa kijani na nyekundu bila kuchagua, na yule jirani alikuwa anakaa karibu yake, akipiga domo naye, huku mkono wake ukipita nyuma na kurekebisha kila kitu. Kwa hiyo Mama hakurudishwa. Lakini Jumamosi hiyo jirani alikuwa ameenda kwenye mazishi Kangema. Tulienda watatu, Mama, mimi na wifi. Wifi aliturudishia gunia tupu nyumbani na kuleta chai. Mimi nilichambua na Mama kwa muda, nikirekebisha kimya kimya kama jirani, kisha watu wakaanza kusongamana kwenye mizani, nikaenda kushika foleni. Niliporudi, karani alikuwa amekwisha kuinama.

Alikuwa karani mgeni, hakujua mambo yetu. Alichota kiganja, akakiangalia, akachota kingine. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hii kahawa haiwezi kupokewa, nusu ni kijani, tuianze upya. Uani kote watu wakageuka kututazama. Mama aliinuka.

"Hii kahawa mimi nimechambua kwa mkono yangu," akasema. "Kama kuna kijani, kuna mtu ameweka." Akageuka upande ambao alikuwa amesikia kikombe cha wifi. "Ni wewe. Unataka watu waseme mimi nimezeeka."

Wifi aliweka chupa ya chai chini. Alifunga kanga yake vizuri, akatembea katikati ya watu wote wale wanaomfahamu, wengine watoto wao anawafundisha, akatoka langoni. Tuliichambua kahawa upya, mimi na Mama, mpaka jua likapinda. Mama hakuacha kumsema wifi.

Jumapili baada ya kanisa nilikuta begi la wifi kitandani. Alikuwa amezungumza na mwalimu mkuu, kuna chumba katika nyumba za walimu. Alisema hana chuki na Mama, na angekuwa anapita kumwona, lakini jina lake limeharibika na hana jingine. Nilikaa kando ya lile begi nikaona maisha yetu yanavyokuja. Kaka yuko barabarani. Mimi niko Nyeri darasani, na mshahara huo ndio unaonunua dawa. Wifi akiondoka, Mama ataachiwa mfanyakazi atakayefukuzwa baada ya wiki, halafu mwingine, halafu atabaki peke yake na jiko linalowaka, akiamini analiona. Nikamwomba wifi anipe saa moja. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, ukweli, na ulikuwa ni fani yangu.

Nilikaa mbele ya Mama sebuleni, nikamshika mikono. Wifi alisimama mlangoni. Nilisema polepole, kama ninavyosema darasani nikitaka hata wa nyuma aelewe. Nilimwambia kwamba siku ile kichwa kilipomuuma, damu ilikosa kufika kisogoni, na kisogoni ndiko watu huonea. Nikamwekea mkono pale. Nikamwambia pamekufa, kwamba macho ni mazima lakini hayana mahali pa kupeleka yanachopokea. Nikamwambia ugonjwa huu una ubaya mmoja, kwamba mwenye kuwa nao hawezi kujua anao, kwa sababu kichwa kinamtengenezea picha na yeye anaiamini. Nikamwambia hakuna aliyeweka kijani katika kahawa yake.

"Mami, huoni," nikasema. "Si kosa lako, lakini huoni."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Uso wake ulikuwa na ule utulivu wa mtu anayepiga hesabu kichwani.

"Hiyo ugonjwa," akasema, "umesema mtu ako nayo hawezi kujua ako nayo?"

"Ndiyo, mami."

"Macho inakaa mzuri, na yeye anaona vitu, na hajui hakuna?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe umejua aje si wewe?"

Nimekaa katika mikutano ya wataalamu, nimehojiwa na watu wakali wenye vitabu vyao, na sijawahi kuulizwa swali nikakosa jibu kama siku hiyo. Ningeweza kumtajia ile picha ya Nyeri, lakini picha ni kitu cha kuona. Ningeweza kumwambia kwamba wifi anaona ninachoona, naye angesema wifi ni adui yake. Kila ushahidi niliokuwa nao ulipitia macho yangu.

Sauti ya Mama ikabadilika, ikawa ile ya zamani, ya nilipokuwa na homa.

"Pole, maitu," akasema. "Ni hiyo kusoma. Nilisema hiyo vitabu itakumaliza. Tangu lini?" Hakungoja. "Ndio maana kahawa. Ni wewe tulikuwa tunachambua na wewe. Uliweka kijani na hukujua. Na mimi nikatukana mtoto wa watu mbele ya kiwanda." Akageuza uso kumtafuta wifi, akautupa mbali naye, kuelekea dirishani. "Wewe mwalimu, uko hapo? Kuja. Mimi nimekukosea. Ni huyu haoni, na hakutaka kusema. Watu wamesoma wanaona haya."

Wifi alinitazama. Sijui alisoma nini usoni mwangu. Nyuma yake, kupitia mlango wa chumba, lile begi lilikuwa bado kitandani na zipu haijafungwa. Nilifikiria maisha yangu yote ya kutafuta ukweli wa jinsi mtu anavyoona, na ukweli ndio kitu pekee nilichowahi kukiamini bila kusali.

"Ni kweli, mami," nikasema. "Ni mimi nilichanganya."

Akavuta pumzi ndefu. Akainua mkono kuniwekea machoni, ukaangukia sikio, ukapapasa shavu, ukapanda ukafika. Akaniombea, kwa Gikuyu, kwa muda mrefu. Alimwomba Mungu anifungue macho kama alivyomwachia yeye yake. Mkono wake ulikuwa unanuka maharagwe na sabuni. Nililia chini ya kiganja chake, naye akafikiri ni uponyaji unaanza. Wifi alienda chumbani, nikamsikia anarudisha nguo kabatini.

Hajahama mpaka leo. Mama anamwita msichana wangu, na kanisani yeye mwenyewe amelisafisha jina la wifi, akisimama mbele ya kikundi kizima kueleza kwamba kosa lilikuwa la binti yake mgonjwa. Wakasema pole, pole sana. Kwa hiyo sasa nina jina kijijini. Mbele ya Mama hakuna anayembishia, na mimi nikiwa nyumbani wananitendea kama walivyozoea kumtendea yeye. Wanajitaja tangu langoni. Wananiambia chai iko moto, iko upande wa kulia.

Chuoni sijamaliza ile makala na sitaimaliza. Mwaka huu nilichora msalaba na nukta kwa mara nyingine, kwa darasa nililopewa la kujazia nafasi, wanafunzi wakasogeza karatasi na nukta ikapotea. Nilipofika kwa wale wagonjwa wanaokana upofu wao, niliwaambia watasoma wenyewe. Nilijikuta natazama ubao, taa, mikono yangu, nikiulizia kila kimoja lile swali la Mama. Nafanya hivyo mara nyingi siku hizi. Siogopi kwamba mimi ni kipofu. Naogopa tu kwamba sina cha kumjibu.

Jumapili iliyopita nilienda nyumbani kukiwa na ukungu mzito, baada ya msimu, mikahawa imekatwa matawi na kubaki vijiti. Jirani alikuwa amekaa na Mama. Aliposikia hodi yangu alitoka akanishika kiwiko mlangoni, taratibu, kwa heshima yote, akaniongoza hatua kwa hatua sebuleni kwetu nilikozaliwa.

"Kaa hapa, daktari," akasema kwa sauti ya kumfikia Mama. "Kiti iko hapa."

Nikakaa. Mama akaniuliza kama leo ninaona kitu. Nikamwambia kidogo. Akasema nisijali, yeye yupo, atakuwa ananiambia. Basi nikafumba macho, kwa kuwa sikuona sababu ya kuyaacha wazi, naye akageukia dirisha na kuanza kunisimulia shamba letu: kahawa imeiva yote, maitu, matawi yameinama mpaka chini, nyekundu tupu, hakuna kijani hata moja. Nikamwambia asante, na sikufumbua.